Pedali za Kunasa na Viatu Vyake: Mwongozo Kamili kwa Mwendesha Baiskeli wa Tanga

Katika mji wa Tanga baiskeli haihitaji kutambulishwa. Mtoto huikuta nyumbani imeegemezwa ukutani, hujifunza kuiendesha akiwa amepenyeza mguu mmoja chini ya bomba la fremu kwa sababu tandiko limemzidi kimo, na akikua huenda nayo sokoni, kazini na msikitini bila kufikiri hata siku moja kwamba pedali ni kitu cha kuchaguliwa. Ndiyo maana swali la pedali zinazokishika kiatu hutufikia likiwa limechelewa, tena mara nyingi kwa mlango wa nyuma: mtu amepata baiskeli ya mtumba yenye tairi nyembamba, imekuja na vipedali viwili vidogo visivyokanyagika kwa kandambili, naye anauliza avitoe au avitafutie viatu vyake.

Mwongozo huu unamjibu mtu huyo, pamoja na yule aliyekwisha kuamua kununua na sasa anatazama picha za bidhaa asijue zinatofautianaje. Msimamo wangu niuseme mapema: uchaguzi uanzie pale mguu unaposhuka chini, usianzie kwenye pedali. Idadi ya mara unazoshusha mguu, na ardhi utakayoikanyaga ukishuka, ndizo zinazoamua kiatu. Kiatu huamua kliti. Kliti huamua pedali. Wengi hulifuata jambo hili kinyumenyume, nao huishia kutembea peku huku viatu vya bei kubwa vikining'inia kwenye usukani.

Maneno na vitu vyenyewe

Nitaziita pedali za kunasa, kwa sababu ndivyo zinavyofanya. Kliti ni kipande kidogo cha chuma au cha plastiki ngumu kinachofungwa kwa bolti chini ya soli ya kiatu. Pedali ina springi inayokinasa kipande hicho unapotanguliza ncha yake na kushindilia, na hukiachia unapozungusha kisigino kuelekea nje. Jina lake la Kiingereza maana yake ni "zisizo na klipu", nalo huwatatanisha watu kwa kuwa pedali hizi ndizo zinazoshika kuliko zote. Klipu zilizokusudiwa ni vile vizuizi vya chuma vyenye mkanda wa ngozi vilivyokuwa vikifungwa mbele ya pedali za kawaida, ambavyo mwendeshaji alilazimika kuinama na kuvilegeza kwa mkono kabla ya kusimama. Kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vifungio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ilitoa pedali yake ya kunasa mwaka 1984, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda mashindano ya Tour de France akiitumia. Mwaka 1990 Shimano ya Japani ikaleta mfumo wa SPD, wenye kliti ndogo ya chuma inayozama ndani ya soli, ili mwendesha baiskeli wa milimani aweze kushuka na kutembea kama watu. Karibu kila utakachouziwa leo ni mtoto wa mmoja wa hao wawili, au binamu yake.

Usitarajie miujiza. Utasikia kwamba ukinaswa utaweza kuvuta pedali kwenda juu na hivyo kupata nguvu maradufu. Kwa kweli kazi kubwa hufanywa na msukumo wa kwenda chini, hata kwa bingwa. Faida yenyewe ni ya kawaida lakini ni ya kudumu: mguu hukaa mahali pamoja safari nzima, haurushwi na mashimo, hautelezi pedali ikilowa mvua, na soli ngumu hutawanya shinikizo ili unyayo usiwake moto baada ya saa mbili. Kwa mtu anayetoka Makorora kwenda sokoni Mgandini na kurudi, faida hiyo ni ndogo mno, na pedali pana za kawaida zinamtosha kabisa. Na ukiwa umebeba mtu kwenye keria, awe mtoto wa shule au mama mwenye kikapu chake, usinase mguu hata mmoja. Uzito wa nyuma ukiyumba unahitaji miguu yote miwili chini kwa mara moja, na hakuna springi duniani inayongoja abiria ajiweke sawa.

Hatua ya kwanza: hesabu mishuko yako

Kwa wiki moja, endesha kama kawaida na uhesabu mara unazogusa ardhi. Mimi niliwahi kuvuka Ngamiani asubuhi moja, nikikatiza barabara zile za namba moja baada ya nyingine, nikashusha mguu mara kumi na nne kabla ya kufika nilikokuwa nikienda: bajaji, mkokoteni wa maji, watoto wa madrasa, gari lililoegeshwa kwenye kona. Siku ya Jumapili iliyofuata nilitoka mjini alfajiri kuelekea Muheza, mwendo wa takriban kilomita 35, nikashusha mguu mara mbili tu. Mtu ni yuleyule na baiskeli ni ileile, ila jibu la pedali ni tofauti kabisa.

Sambamba na hesabu hiyo, andika unapoteremka huwa unakanyaga nini. Lami kavu haina neno. Mchanga wa pwani, udongo mwekundu uliolowa, ngazi za duka zenye vigae, na bamba la chuma la pantoni, kila kimoja kina shari yake. Nitakupa mfano wa hicho cha mwisho kwa kuwa niliuona kwa karibu. Tulikuwa tunavuka Mto Pangani kwenda Bweni, na mwenzetu mmoja alikuwa amevaa viatu vya mashindano vyenye kliti za plastiki zinazochomoza chini ya soli. Lango la pantoni lilikuwa limelowa. Alipiga hatua ya kwanza akiwa ameshika baiskeli kwa mkono wa kulia, kisigino kikawa hakigusi kitu, plastiki ikateleza juu ya chuma kama sabuni kwenye sakafu ya bafu, na yeye na baiskeli wakashuka kwa makalio hadi miguuni mwa kijana aliyekuwa na matenga ya samaki. Hakuumia. Ila alivuka mto akiwa na soksi, na viatu mkononi.

Hatua ya pili: kagua krenki

Hapa ni kwa ufupi. Krenki ni ule mkono unaoshika pedali. Karibu krenki zote za baiskeli za watu wazima zina tundu lenye hesi ya inchi 9/16, na pedali za kunasa zote za kawaida hutengenezwa kwa kipimo hicho. Krenki za kipande kimoja, zilizokunjwa kutoka chuma kimoja kinachopita ndani ya fremu, ambazo huonekana zaidi kwenye baiskeli za watoto, huwa na hesi ya nusu inchi na hazitaingia. Chomoa pedali ya zamani uende nayo dukani. Na ikiwa fundi aliwahi kulazimisha pedali ikaingia upande na kuharibu hesi, tengeneza krenki kwanza, kwa maana pedali iliyoingia kwa nusu hesi itang'oka siku utakaposimama juu yake kwenye mlima.

Hatua ya tatu: chagua mfumo kulingana na safari

Gawanyo kuu ni la bolti mbili na bolti tatu. Mfumo wa bolti tatu una kliti kubwa ya plastiki, umbo lake kama pembetatu, inayochomoza chini ya soli laini isiyo na meno. Pedali yake hunasa upande mmoja tu, na uso wake mpana huufanya mguu ujisikie umesimama juu ya kitu imara. Mfumo wa bolti mbili una kliti ya chuma ndogo kama kipande cha njugu, iliyozama katikati ya meno ya mpira, na pedali zake nyingi hunasa pande zote mbili, hivyo huhitaji kuitazama wala kuigeuza kwa ncha ya kiatu. Ubora wa bolti tatu uko katika ufanisi wa safari ndefu. Ubora wa bolti mbili uko katika uhuru wa kushuka.

Kwa barabara ya lami ndefu, yaani Tanga hadi Segera au kuelekea mpakani Horohoro, ikiwa unaondoka nyumbani na kurudi nyumbani bila kutembea popote, bolti tatu ni chaguo zuri. Hapo utakutana na familia mbili zinazofanana sana kwa macho, Look Keo na SPD-SL ya Shimano, na neno la kushika ni kwamba haziingiliani: kliti ya moja hainasi kwenye pedali ya nyingine, ingawa viatu ni vilevile vyenye matundu matatu. Rangi za kliti zina maana. Kila rangi hueleza mchezo, yaani kiasi ambacho kisigino kinaweza kupepesuka kushoto na kulia kabla ya kunasuka. Kwa Shimano, njano ina nyuzi 6, buluu 2, nyekundu haina mchezo wowote. Kwa Look Keo mambo yamegeuka: nyekundu ina nyuzi 9, kijivu 4.5, na nyeusi ndiyo isiyo na mchezo. Mtu anayenunua nyekundu kwa mazoea, akihama kutoka Look kwenda Shimano, hujikuta amefunga magoti yake kwenye koleo. Anza na kliti yenye mchezo mwingi. Zile zisizocheza ni za watu waliokwisha kupimwa mkao wao na mtaalamu.

Kwa njia za mashamba ya mkonge, kwa barabara za vumbi kuelekea Mapango ya Amboni, na kwa safari yoyote ambayo hujui itakuishia wapi, chukua bolti mbili za SPD bila kusitasita. Hii ndiyo safari ya wengi wetu, na ningeshauri hata mwenye baiskeli ya mashindano afikirie mara mbili kabla ya kuukataa mfumo huu kwa sababu ya sura tu. Hakuna sheria inayokataza kufunga pedali za SPD kwenye baiskeli ya tairi nyembamba. Kitu cha kuchagua hapa ni kliti: SH51, ambayo kwa kawaida ni nyeusi, hunasuka kwa kuzungusha kisigino pembeni tu, na SH56, yenye rangi ya fedha, hunasuka pia ukivuta kwa nguvu kwenda juu au kwa pembe nyingine. Anayeanza na awe na SH56 kwa miezi ya mwanzo, kisha aamue mwenyewe, kwa kuwa wengine huendelea nayo maisha yao yote na wengine huichoka pale inapowaachia katikati ya mlima.

Kwa kupanda Amani kutoka Muheza wakati wa masika, tatizo linakuwa tope. Udongo mwekundu wa Usambara Mashariki hujaa chini ya kiatu, hushindiliwa kama tofali, na pedali yenye taya zilizofungamana haipati nafasi ya kuusukuma nje. Hapa pedali za Crankbrothers zina sifa yake: zimejengwa kwa vyuma vilivyopindwa kama kifaa cha waya cha kupigia mayai, hunasa pande nne, na tope hupita katikati yake. Kliti zake ni za shaba ya njano, laini kuliko chuma cha Shimano, kwa hiyo huisha mapema zaidi, na springi yake haina skrubu ya kukaza wala kulegeza. Unachoweza kubadilisha ni pembe ya kunasuka, nyuzi 15 au 20, kwa kubadilishana kliti ya kulia na ya kushoto. Pia zipo pedali za SPD zilizozungushiwa kizimba kipana, ambazo humpa mtu pa kukanyaga hata kliti ikikataa kunasa. Kwa mteremko wa mawe mimi huzipenda hizo zaidi.

Kwa mjini, ikiwa bado unataka kunasa, tafuta pedali ya nyuso mbili: upande mmoja umetambarika kwa kandambili na viatu vya kazini, upande wa pili una mnaso wa SPD. Shimano EH500 ni mfano wake. Ubaya wake ni kwamba kila unapoondoka lazima uhakikishe ni uso upi umeelekea juu, lakini baiskeli moja inakuhudumia Jumatatu na Jumapili, na kwa nyumba yenye baiskeli moja hilo ni jambo kubwa.

Hatua ya nne: kiatu ndicho chenye thamani

Ukiwa na fedha za kutosha kitu kimoja kizuri na kimoja cha kawaida, kizuri kiwe kiatu. Pedali ya bei ndogo ya Shimano hunasa na kuachia karibu sawa na ya bei kubwa. Tofauti iko katika uzito na beringi. Kiatu kibaya hukutesa kila dakika.

Pima mguu jioni, baada ya siku ya kutembea, kwa sababu kwa joto letu mguu huvimba na kiatu kilichokutosha saa mbili asubuhi kitakubana saa nane mchana. Simama juu ya karatasi ukiwa umegusa ukuta kwa kisigino, weka alama kwenye kidole kirefu, pima kwa sentimita, kisha linganisha na jedwali la mtengenezaji mwenyewe, maana namba za Ulaya hazifanani kutoka kampuni moja hadi nyingine. Pima miguu yote miwili na ununue kwa ule mkubwa. Ndani ya kiatu, vidole viweze kuchezacheza bila kugusa mbele, na kisigino kisipande unapoinua mguu. Upana ni jambo linalosahaulika sana: viatu vingi vya mashindano vimeundwa kwa miguu myembamba, na sisi tuliokua tukitembea kwa kandambili vidole vimetawanyika. Ikiwa kidole kidogo kinawaka dukani, njiani kitalia. Uliza toleo pana, au hamia kampuni nyingine, lakini usinunue namba kubwa zaidi ili tu upate upana, kwani kisigino kitaogelea.

Ugumu wa soli uendane na safari. Soli ya kaboni haipindi kabisa, ni nyepesi, na inamfaa anayekimbiza saa kwenye lami; kutembea nayo ni kama kutembea na vibao. Soli ya nailoni iliyoimarishwa hupinda kidogo na inamtosha mtu yeyote asiyeshindana. Viatu vya utalii na vya milimani vyenye mpira mzito na soli inayokubali kupinda kwenye vidole vinafaa kwa safari za mizigo, kwa kusukuma baiskeli mchangani, na kwa kuingia dukani kununua maji bila kugonga sakafu kama farasi.

Namna ya kufunga kiatu si pambo. Kamba hukaa vizuri juu ya mguu lakini zinaweza kuingia kwenye mnyororo, kwa hiyo ncha zake zifichwe. Mkanda wa velkro ni rahisi na hauharibiki haraka, ila mchanga na nyuzi za mkonge zikijaa kwenye manyoya yake huacha kushika. Kitufe cha kuzungusha chenye waya mwembamba hukaza sawasawa na unaweza kukirekebisha ukiwa unaendesha, lakini kikivunjika ukiwa Tongoni huna fundi. Mimi huvaa velkro, kwa sababu isiyo ya kitaalamu: safari zangu za Ijumaa huishia mlangoni mwa msikiti, na kiatu kinachovuliwa kwa mkono mmoja huku adhana ikisikika kina heshima yake.

Viatu vya mtumba vinapatikana, na vingine ni vizuri ajabu kwa bei ya chipsi na soda chache, lakini vikague kwa ukali. Kwanza pindisha soli kwa mikono yako yote miwili na utazame mahali mpira unapokutana na ngozi. Kiatu kilichokaa miaka kabatini kwa watu huonekana kipya, huku povu na gundi ya soli vikiwa vimekwisha kuoza ndani, na soli nzima hubanduka kama ganda la mkate katika wiki ya kwanza ya unyevu wetu wa pwani. Pili, geuza kiatu uhesabu matundu. Tatu, jaribu kuzungusha bolti yoyote iliyoachwa. Bati lenye hesi lililoko ndani ya soli likiwa limeliwa na kutu, kiatu hicho ni cha kupambia.

Hatua ya tano: kufunga kliti

Hapa ndipo haraka huzaa maumivu ya magoti. Vaa kiatu na utafute kwa kidole, kutoka nje, lile fundo la mfupa lililoko ndani ya mguu, chini ya dole gumba. Liweke alama kwa kalamu ubavuni mwa kiatu. Fanya hivyo pia kwa fundo lililoko chini ya kidole kidogo, ambalo liko nyuma kidogo. Ekseli ya pedali ikae kati ya alama hizo mbili. Ukisogeza kliti mbele zaidi, kigimbi cha mguu na ukano wa kisigino hufanya kazi kupita kiasi na vidole hufa ganzi. Ukiirudisha nyuma milimita chache, mguu hutulia katika safari ndefu, na mimi huegemea upande huo.

Kisha pembe. Kaa juu ya meza miguu ikining'inia, tazama vidole vyako vinaelekea wapi vyenyewe bila kulazimishwa, na ufunge kliti ili kiatu kielekee huko. Watu wengi mguu mmoja hutazama nje kuliko mwingine, na hilo halina ubaya. Ncha nyembamba ya kliti ya SPD ielekee mbele. Paka grisi kwenye hesi za bolti kabla ya kuziingiza, kwa sababu chumvi ya hewa ya Raskazone haina huruma na bolti kavu haitatoka mwaka unaofuata. Kaza kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, hadi kufikia nguvu ya Nyutonimita 5 hadi 6. Kwa spana fupi ya L hiyo ni nguvu ya kiganja kizima lakini bila kutumia bega. Baada ya safari ya kwanza ya kilomita kumi, kaza tena. Hili sikulifanya, na nilijuta.

Nilikuwa narudi kutoka magofu ya Tongoni, kama kilomita 20 kusini mwa mji, nikiwa na kliti mpya nilizozifunga usiku kwa taa ya simu. Mbuzi wakavuka. Nikazungusha kisigino cha kushoto kama nilivyozoea, kiatu kikageuka, kikaendelea kugeuka, na pedali haikuachia chochote. Bolti moja ilikuwa imeanguka njiani; kliti ilikuwa inazunguka juu ya bolti iliyobaki, imenaswa pale ilipo huku kiatu kikizunguka juu yake. Niliukumbatia mnazi uliokuwa kando ya barabara, nikafungua velkro, nikautoa mguu, na kiatu kikabaki kikining'inia kwenye pedali peke yake. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni kichwani alisimama akatazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole. Naona mwenzako amekataa kushuka."

Dawa ya hali hiyo, ikikukuta, ni kulegeza skrubu ya springi ya pedali hadi mwisho, kisha kusukuma taya ya nyuma kwa bisibisi huku ukikivuta kiatu juu. Tangu siku hiyo mfuko wangu chini ya tandiko una spana ya L ya milimita 4, ya milimita 3, bisibisi bapa, na bolti mbili za akiba zilizofungwa kwa kipande cha nailoni.

Hatua ya sita: kufunga pedali na kurekebisha springi

Pedali ya kulia ina hesi ya kawaida. Ya kushoto imegeuzwa, hukazwa kinyume cha saa. Tazama herufi R na L zilizochorwa kwenye ekseli. Ukisahau, kumbuka kwamba kwa pande zote mbili, mpini wa spana ukiwa umeelekea juu, kuusukuma mbele ya baiskeli ni kufunga na kuuvuta nyuma ni kufungua. Paka grisi, anza kwa vidole bila spana, na uache mara moja ukihisi ugumu mapema. Baadhi hutumia spana ya milimita 15, nyingine spana ya L ya milimita 6 au 8 inayoingia nyuma ya ekseli.

Pedali za SPD zinazonasa pande zote mbili huwa na skrubu ya springi kila upande, yaani nne kwa jozi ya pedali, na anayerekebisha mbili akasahau mbili atakuwa na baiskeli yenye tabia ya kigeugeu. Zirudishe zote kwenye alama ya kutoa, hadi mwisho. Kaza baadaye, mbofyo mmoja kwa kila skrubu, na tu ikiwa mguu unatoka bila wewe kutaka.

Hatua ya saba: mazoezi kabla ya barabara

Simama kando ya ukuta au mlango, nasa mguu mmoja, nasua, mara ishirini. Kisha mwingine. Kisha yote miwili. Baada ya hapo nenda kwenye uwanja wenye nyasi na uendeshe taratibu, ukisimama kila baada ya mita chache. Chagua mguu mmoja utakaoshuka siku zote, na uzoee kuunasua ukiwa bado una mwendo, mita kumi kabla ya kusimama. Hapo ndipo siri yote ilipo, kwa kuwa mtu haanguki kwa sababu pedali imekataa, huanguka kwa sababu amekumbuka akiwa amekwisha kusimama. Mimi nilikumbuka mbele ya baraza la kahawa, nikalala ubavu polepole kama mti unaokatwa, na wazee wakaniamkua kwa adabu kabla hata sijainuka.

Magoti yakianza kuuma katika wiki mbili za mwanzo, usivumilie kwa kujiambia kwamba ni mazoezi. Maumivu ya ndani au ya nje ya goti mara nyingi hutokana na pembe ya kliti. Ganzi ya vidole hutokana na kliti kuwa mbele mno au kiatu kubana. Sogeza milimita mbili tu kwa mara moja, endesha siku kadhaa, ndipo uamue tena. Ikiwa maumivu yanabaki hata baada ya kupumzika, rudi kwenye pedali za kawaida na umwone daktari.

Hatua ya nane: matunzo ya pwani

Mchanga wa bahari na chumvi ndivyo adui. Ukitoka Sahare au ufukwe wowote, mwagia pedali maji ya bomba bila kuelekeza maji ya nguvu kwenye beringi, futa, na utone mafuta mepesi kwenye springi na taya. Mafuta mazito hugeuka gundi ya vumbi. Toa soli ya ndani ya kiatu, kikaushe kivulini kikiwa kimejazwa gazeti, usikiweke juani juu ya bati kwa sababu joto hilo hilo hulegeza gundi. Kila mwezi fungua bolti za kliti, zipake grisi upya, zirudishe.

Kliti za plastiki huchakaa kwa kutembea kuliko kwa kuendesha, kwa hiyo vifuniko vyake vya mpira vikae mfukoni mwa fulana. Kliti za chuma hudumu muda mrefu zaidi, lakini zikianza kunasa kwa kusitasita, au kuachia bila kuombwa, muda wake umekwisha. Kabla ya kuzifungua, zungushia mstari wa kalamu kwenye soli ili mpya zikae palepale, na ubadilishe za kulia na za kushoto kwa pamoja. Maduka mengi ya baiskeli mjini kwetu huuza pedali za kazi, kliti hutaziona, hivyo mtu wako akienda Dar es Salaam mwagize jozi mbili, na umpe ile iliyochakaa mkononi ili asirudi na ya mfumo mwingine.